Maana ya Klashi

Harufu ya mafuta ya simsim iliyotoka kwa jirani leo asubuhi, hapa mtaani Lemon Gaba, imenilazimu kusahihisha jambo. Vijana wanadai kwamba Klashi, jina walilopewa wana wengi wa askari, maana yake ni shujaa. Si kweli.

Nilipokuwa mtoto, mama alikuwa akimpaka mdogo wangu, aliyekuwa bado kichanga, mafuta hayo. Mjomba, askari, alichota katika bakuli lilelile akapaka bunduki yake, ile waliyoiita klashi.

"Mjomba, klashi maana yake nini?" nilimuuliza.

"Ni jina la mtu wa mbali aliyeiunda. Sisi tumelifupisha tu."

"Anatujua?"

Akacheka. "Atujulie wapi, wewe? Lakini mtoto huyu ataitwa Klashi."

"Kaka, mpe jina la marehemu baba yake," mama alisihi.

"Mwenye kutoa jina sasa ni mimi."

Mama hakumwita mwanawe jina hilo hata siku moja.

Miaka mingi baadaye nilikuwa karani wa kuandikisha vifo. Mama alisimama mbele ya meza yangu kuandikisha kifo cha mdogo wangu, akasihi tena, safari hii kwangu, niandike jina la baba badala ya Klashi. Nilimjibu kwamba daftari la serikali haliandikwi uongo.