Kanchiri ya Sijaona

Nyumbani Newala, Sijaona alijipima kifua kwa kiganja chake: shibiri tatu na nusu chini ya matiti, nne katikati. Akateremka Masasi na kitambaa chake cha kwanza tangu vita vya Maji Maji, akamtajia fundi Muharami vipimo ili amshonee kanchiri ya kushikilia matiti.

Siku ya kuichukua, haikufungika.

“Umenenepa, mama,” fundi akasema.

Damu ikamchemka. “Wadachi wametuchomea maghala, mwaka wa pili tunachimba mizizi ya ming’oko porini, nimenenepa kwa kula nini? Lete mkono!”

Akaubandika wake juu ya ule wa fundi. Vidole vyake vya jembe vikazidi pingili nzima.

“Kifua changu, shibiri za kiganja chako? Nirudishie kitambaa changu kizima.”