Dhamana ya Gari la Shangazi

Mwanangu, ipo siku moja ya ujana wangu ninayoikumbuka kila nikisikia mtu anasifia gari jipya. Ni siku niliyosimama mbele ya meza ya meneja mjini Mbeya nikatamani ardhi inimeze, na shangazi yangu akanizuia nisimezwe. Nimeikumbuka tena juzi, uliponiambia umenunua gari lenye dhamana, likiharibika waliokuuzia wanalitengeneza, na kwamba mwisho wa mwezi unalipeleka kwenye mashindano. Sikukukataza. Nilinyamaza tu, maana mzee akinyamaza si kwamba hana neno. Pengine anatafuta pa kuanzia. Leo nimepapata. Sogea.

Ilikuwa miaka ya hamsini, mkoloni bado yupo. Nilikaa Iringa kwa shangazi yangu, Bi. Mwanaidi, dada wa baba, mjane mwenye duka la nguo karibu na soko. Mumewe alipofariki, shemeji zake walimjia na maneno laini: mwanamke peke yake hawezi biashara, afadhali awaachie duka wamtunze. Shangazi aliwapikia, akawashukuru kwa kuja, duka hakuwaachia. Badala yake aliuza dhahabu zake zote, akasafiri hadi Mbeya, akanunua motokaa ya kusambazia nguo zake. Siku hizo mwanamke wa Kiswahili mwenye motokaa alikuwa kioja. Shemeji zake walisema, "Mwacheni, litamshinda." Wakakaa wanasubiri.

Sasa sikiliza alivyonunua. Nilikuwepo, kwa kuwa mimi ndiye niliyekuwa dereva wake. Muuzaji alikuwa kijana wa Kinyakyusa, Ambakisye, mpole, shati limepigwa pasi mpaka linakata. Alitusomea karatasi ya dhamana kwa Kiswahili, neno kwa neno, kwani shangazi alisoma herufi za Kiarabu tu. Alipomaliza, shangazi akamuuliza jambo ambalo mimi nilitamani asiulize.

"Huyu Seifu wangu ana wazimu wa mbio za magari. Wazungu wa mashamba wanashindana kwenye uwanja wa ndege wa majani kule Iringa, na safari hii wamesema yeyote mwenye gari aje. Akilipeleka huko, dhamana yenu itasimama?"

Ambakisye akajikuna shingo, akaingia ndani kumuuliza meneja, akatoka. "Mama, kitakachoharibiwa na mbio ni chenu. Kisichoharibiwa na mbio bado ni chetu."

"Rudia."

Akarudia. Shangazi akanigeukia. "Umesikia na wewe?" Nikasema nimesikia. Nilidhani ni maneno ya kupoteza wakati. Kuuliza si ujinga, lakini kijana anayetaka kushika usukani huona kila swali ni kikwazo.

Nikashindana, mwanangu. Mlango wa gari ulipakwa namba saba kwa rangi nyeupe, shangazi akaketi pembeni ya uwanja chini ya mwavuli wake mweusi, na mimi nikazunguka ule uwanja kama niliyeibiwa kitu. Nilikuwa wa pili. Vumbi lilipotua, watu wa mjini walimwimbia shangazi kana kwamba yeye ndiye aliyeendesha. Duka lile la magari la Mbeya lilikuwa limeleta mpiga picha, akatupiga pale pale, gari na mimi na mwavuli. Namba saba shangazi hakutaka ifutwe. Wateja walikuja kuiona, na aliyekuja kuiona hakuondoka bila kanga.

Baada ya mbio tulikwenda Mbeya kwa sevisi ya kwanza, kama karatasi ilivyosema. Walimwaga oili ya injini na ya giaboksi, wakatia mpya, wakaturudishia gari linang'aa. Tukarudi Iringa salama. Siku chache baadaye tukatoka tena na mzigo wa maduka ya Mbeya, vitambaa vimejaa mpaka kwenye kiti cha nyuma. Mafinga tukapita, Makambako tukapita. Tulipokaribia Chimala nikasikia kilio chini ya miguu yangu, kama paka aliyekanyagwa. Kisha harufu ya kuungua. Nikajaribu kubadili gia, haikukubali. Gari likasimama katikati ya barabara ya udongo, na huo ndio ukawa mwisho wa safari.

Dereva mmoja Msangu, mwenye lori la mpunga, alitufunga mnyororo akatuvuta hadi Mbeya. Njia nzima shangazi aliukazia macho ule mnyororo. Mimi nilijua anachofikiri, kwa sababu nami nilikuwa nafikiri hicho hicho: gari hili ndilo dhahabu yake, ndilo duka lake. Likifia hapa, shemeji zake watakuja tena, na safari hii hawatasubiri kupikiwa.

Tulifika gereji ya duka lile asubuhi iliyofuata. Ambakisye alituona kwanza. Alilitazama gari, akaitazama ile namba mlangoni, uso ukambadilika. Akatusogelea akisema kwa sauti ya chini.

"Mama, yule meneja wa zamani amehamishwa. Huyu mpya ni mkali. Akiona hiyo namba hamtapata kitu. Niacheni nilete petroli na tambara niifute. Semeni halijawahi kushindana. Nami nitanyamaza."

Nakwambia kweli, alitaka kutusaidia. Alikuwa na huruma. Na mimi nilishaanza kuvua koti ili nimsaidie kusugua.

Shangazi akaweka kiganja chake juu ya ile namba. "Ndaga, mwanangu," akamwambia, kwa lugha yao, kumshukuru. "Lakini nikikana mbio, nitakuwa nimekana na neno lako uliloniambia siku ile. Haki yangu imo ndani ya neno hilo. Nitaipataje nikishalitupa?"

Tukaingia ofisini. Meneja alikuwa Mzungu mwenye ndevu nyekundu, mikono mikubwa ya fundi, na haraka nyingi. Shangazi alimwamkia, akaketi bila kuambiwa, akasema, "Gari letu limeharibika giaboksi. Lina dhamana yenu. Lilishindana mara moja Iringa. Nakwambia mwenyewe usije ukaambiwa."

Yule bwana aliinua macho. "Gari ya mashindano hapana dhamana," akasema. "Kwisha. Mnataka tengeneza, lipa."

Akarudi kwenye karatasi zake.

Hapo ndipo nilipokata tamaa, mwanangu. Nilimnong'oneza shangazi, "Tuondoke. Tuliuze hivi hivi kwa atakayelitaka. Mzungu ameshasema." Nikashika mkono wake nimwinue.

Aliutoa mkono wake polepole. Hakupandisha sauti, yeye alikuwa simba mwenda pole. Lakini alinitazama, na macho yale ninayo mpaka leo.

"Seifu, ulilikimbiza gari mbele ya mji mzima hukuogopa. Leo unaogopa meza ya mtu mmoja? Ameniambia hapana mara moja tu. Hapana moja haijawahi kuvunja nyumba ya mtu. Keti."

Nikaketi. Sijawahi kuketi kwa aibu kama siku ile.

Kisha akamwambia meneja, "Bwana, mimi sikuja kuomba. Nimekuja kuuliza. Kilichovunjika kimevunjwa na mbio, au hakikuvunjwa na mbio?"

"Mbio inavunja kila kitu."

"Kama mbio ni aibu kwenu, mbona sisi tuko ukutani kwako?"

Meneja akageuka. Nyuma ya kiti chake palitundikwa picha kubwa, gari letu lenye namba saba, mimi nimekenua meno, na mwavuli wa shangazi. Watu waliokuja kununua gari walionyeshwa picha ile. Alikuwa ameikuta hapo alipopewa ofisi, wala hakuwa amewahi kututambua. Aliitazama, akatutazama, masikio yakawa mekundu kama ndevu zake.

"Duka limeuza magari kwa mbio zile," shangazi akasema. "Sisemi mlipe kilichoharibiwa na mbio. Nasema lifunguliwe, mimi nikiwa nimesimama hapo. Nililinunua kwa maneno hayo."

"Maneno ya nani?"

Ambakisye alikuwa amesimama mlangoni. Kama angesema hajui, nani angemlaumu? Alikuwa na mke na mtoto mchanga, na kazi za shati jeupe kwa Mwafrika siku zile zilikuwa chache kuliko mvua ya Septemba. Shangazi hakumtaja. Hakumwangalia hata kidogo. Alikaa tu ameikunja mikono mapajani.

"Maneno yangu, bwana," Ambakisye akasema. "Niliingia humu nikamuuliza meneja aliyekuwepo, akaniambia niwaambie. Kitakachoharibiwa na mbio ni chao, kisichoharibiwa ni chetu. Ndivyo nilivyowaambia."

Meneja akavuta pumzi kwa nguvu. Nilidhani anamfukuza. Badala yake alisimama, akakunja mikono ya shati, akatoka nje. Sisi nyuma yake. Akaita jeki, gari likainuliwa, na yeye mwenyewe, meneja mzima, akalala chali juu ya gunia akaingia chini. Mtaka cha mvunguni sharti ainame, na yule bwana aliinama kweli, hilo nampa sifa yake.

Alikaa huko muda mrefu. Tulisikia anagonga, anafuta, anagonga tena. Alipotoka alikuwa na mafuta mpaka kwenye ndevu. Akamwambia Ambakisye kwa Kiingereza, Ambakisye akatutafsiria. Bolti ya chini ya giaboksi, ile inayofunguliwa kumwaga oili, haikuwepo. Imelegea yenyewe, imedondoka njiani, oili yote ikatoka, gia zikasagana zikiwa kavu. Chuma cha pale chini hakikuwa na kovu wala mkwaruzo, na nyuzi za tundu lile, zile zinazoishika bolti, zilikuwa nzima. Hakuna jiwe lililoigonga. Mkono wa mwisho kuikaza ulikuwa wa gereji ile ile, siku ya sevisi.

"Yetu," meneja akasema kwa Kiswahili. Akajifuta mikono. Halafu akanielekezea kidole mimi. "Lakini breki zimekwisha. Klachi imeungua. Hiyo ni wewe, mbio."

Nilifungua mdomo nibishe. Tumeshashinda, kwa nini tusichukue vyote? Shangazi akanitangulia.

"Breki na klachi ni zetu," akasema. "Tengeneza vyote. Hivyo viwili tutalipa sisi."

Akalipa, mwanangu, bila kupunguziwa hata senti, na bila kununa. Meneja akamtazama kwa namna nyingine kabisa. Akamwambia Ambakisye alete kiti kivulini na chai, kisha akaongeza kwamba kuanzia siku ile kila mteja atakayetaka kushindana asomewe maneno yale na yaandikwe chini ya karatasi ya dhamana. Ambakisye hakufukuzwa. Aliuza magari pale miaka mingi, na watu wa Tukuyu mpaka Njombe walimtafuta yeye, wakisema yule kijana akikwambia neno, atalisimamia.

Tulirudi Iringa na gari zima. Shemeji zake walikuwa wameshasikia kwamba limekufa Chimala; habari mbaya ina mbio kuliko mimi. Walikuja jioni moja, wakalikuta mbele ya duka, mzigo unapakuliwa. Wakasalimia, wakala, wakaaga. Hawakurudi tena kwa neno lile.

Na mimi nilishindana tena, usidhani aliniwekea marufuku. Ila kabla ya kila mbio alinituma kwenye posta nimwandikie Ambakisye kuuliza kipi kitakuwa chetu na kipi chao. Na baada ya kila mbio aliniambia niingie chini ya gari mwenyewe nikaze kila bolti, kwani dhamana ya kwanza ni mkono wako.

Basi sikia, mwanangu. Peleka gari lako kwenye mbio, moyo wa kijana haufungwi kamba. Lakini kabla hujalipeleka, nenda kwa waliokuuzia uwaulize kwa mdomo wako, mbele ya mtu mwingine, na wakuandikie. Ukishashindana usifiche. Aliyeficha moja hawezi kudai la pili, atakuwa anadai huku anatazama nyuma. Likiharibika, kubali lililo lako mapema, hata kabla hujaulizwa, kisha lililo lao lidai mpaka lipatikane. Ukiambiwa hapana, usipige kelele, wala usiondoke. Waombe walifungue, nawe simama hapo hapo utazame. Watu wengi hawapotezi haki zao kwa kunyang'anywa. Wanaziacha juu ya meza wakaenda zao, kwa sababu aliyekaa nyuma ya meza alikunja uso. Na ukimwona mtu mdogo anasema kweli kwa ajili yako hali riziki yake iko hatarini, usimsahau maisha yako yote.

Haya, nenda. Mungu akupe macho ya kuona kona kabla hujaifikia, akupe ulimi usiokusaliti na moyo usiochoka kudai. Akulinde wewe na wote utakaokutana nao barabarani, na kila utakapotoka, akurudishe kwa mama yako ukiwa mzima. Amina.