Siku Niliyowafungia Wadudu wa Chujio

Mwenzangu wa chumba pale Al Rigga, Dubai, muuza viatu kutoka Malindi, aliwahi kuniambia kwamba ndani ya mashine ya kuchujia maji ya samaki mna wadudu wasioonekana kwa macho, na kinachowatuliza ni umeme. Ukiwepo, wamelala. Ukikatika, wanaamka na njaa, wanapenya kwenye mpira wa maji, na kitu cha kwanza wanachotafuta ni pafu la mtu. Alimjua mpishi mmoja, alisema, aliyekutwa asubuhi kifua kitupu kama dafu lililokwisha kunywewa.

Niliamini neno kwa neno. Tena si kwa ujinga, kwa elimu! Nilikuwa nimemaliza kidato cha nne kwa masomo ya jioni, na swali la bakteria nililijibu kwa kuorodhesha kipindupindu, taifodi, kifua kikuu na pepopunda, nikapewa alama zote. Hakuna mwalimu aliyenitajia bakteria hata mmoja mwenye adabu.

Baadaye nikapata kazi ya ndani Al Mankhool, kwa mume na mke wa Kizanzibari waliokaa Dubai miaka mingi kuliko barabara zake. Ghorofa ya saba. Sebuleni palikuwa na tangi la samaki refu kama jeneza la jitu, na ndani yake samaki kumi na wawili, bapa, mviringo kama visahani, wekundu wa machungwa. Walikuwa wa bwana. Bwana mwenyewe alikuwa hospitali, amepasuliwa moyo, na siku ninayoisimulia, Agosti, ndiyo siku aliyoruhusiwa kurudi nyumbani.

Wiki nzima umeme wa jengo ulikuwa ukikonyeza. Madam alipotoka kwenda kumchukua, aligeuka mlangoni akiwa ameshavaa viatu.

"Daktari kasema asipate mshtuko hata chembe. Akiingia hapa akawakuta samaki wake wanaelea, mie sijui. Wallahi sijui. Umeme ukizimika, walinde wale bakteria wa kwenye chujio. Umesikia?"

"Niwalinde, madam?"

"Uwalinde. Bila wao hakuna samaki."

Nikasema ndiyo madam. Moyoni nikasema, masikini, mawazo yamemzidi.

Nimetoka kusali adhuhuri, nakunja mswala, nyumba ikanyamaza. Sijui kama umewahi kusikia kiyoyozi kikifa. Ni kama mtu aliyekuwa akizungumza nawe chumbani ameacha ghafla, na hujui anakutazama kutoka wapi. Mlinzi wa jengo alipita ngazini akipaza sauti kwamba chumba cha umeme cha chini kimeungua, lifti msiguse, jioni umeme utarudi inshallah. Nikatazama chini ya tangi. Ule mtungi wa chujio, mweusi, mnene, uliokuwa ukinguruma mchana na usiku, ulikuwa kimya.

Walinde, alisema. Mimi najua kulinda. Nikafunga mabomba yake, nikauchomoa, nikaukaza mfuniko, nikauviringisha mifuko ya taka mitatu, nikaubana kwa tepu mpaka tepu ikaisha. Nikausukuma ndani ya kabati la mafagio, nikaegemeza mashine ya kufulia mlangoni. Nikasoma Ayatul Kursi. Simba wa Tsavo asingetoka pale.

Halafu joto likaingia. Lilipanda ghorofa saba kwa miguu likabisha hodi. Ungeweza kukaanga yai juu ya meza ya kioo. Nikakaa kulitazama kabati. Nilidhani nasikia kitu kikikwaruza. Nilipokuja kugeuka, samaki wote kumi na wawili walikuwa wamepanda juu, midomo ikigusa uso wa maji, ikifunguka na kufunga. Hawakuwa wakiogelea. Walikuwa wamepanga safu kama watu wanaosubiri jina lao liitwe. Mmoja, yule mkubwa kuliko wote, akaanza kulala ubavu.

Simu ikalia. Madam.

"Tumeambiwa umeme hapo hamna. Bwana anauliza chujio liko wapi."

"Nimelifunga madam, hatoki mtu."

"Umelifunga vipi?"

Nikamweleza: mifuko, tepu, kabati, mashine ya kufulia. Nikasikia akimweleza bwana pembeni. Kabla hajarudi kwenye simu, moyoni nilishamuua bwana kwa mshtuko mara elfu moja.

"Hebu nisikilize mwanangu, usibishane nami. Fungua sasa hivi. Yale maji ya mtungini mwaga chooni, yameshaoza. Toa masponji, yasuuze ndani ya ndoo kwa maji ya tangi lenyewe. Usithubutu kuyatia maji ya bomba, ile dawa yake ya kuulia vijidudu itawamaliza bakteria. Kisha yatie tangini na samaki. Ndani kabisa. Halafu chota maji kwa jagi, uyamwage kutoka juu, uchote, umwage, mpaka tufike."

"Niyashike kwa mkono, madam?"

"Kwani una mguu wa kushikia?"

Nikajifunga kitambaa puani, nikatoa shahada, nikakata tepu. Harufu iliyotoka ilikuwa ya yai viza na kisima kilichosahauliwa. Masponji yalikuwa na ute mweusi, vuguvugu, na yalininata kiganjani kama yananijua. Niliyasuuza macho nimeyafumba. Nikayatia tangini, nikachukua jagi, nikaanza kumwaga. Mara milioni, na sitapunguza hata moja. Mkono wa kulia ukafa, nikabadilisha, wa kushoto ukafa. Yule mkubwa alikuwa ameshalala kabisa, jicho moja likitazama dari.

Umeme ukarudi karibu na magharibi. Dakika ishirini baadaye mlango ukafunguka. Bwana aliingia pole pole, mkono mmoja kifuani, mwingine begani kwa madam. Hakunitazama. Akaenda moja kwa moja kwenye tangi, akasimama, midomo ikihesabu. Mimi sikupumua. Madam hakupumua.

"Kumi na mmoja," akasema. Akakaa kitini. Akavuta pumzi, akaitoa, akavuta nyingine.

"Sir, nisamehe. Niliogopa wasije wakatoka."

"Watoke waende wapi?"

Nikamwambia yote, hadi mpishi na kifua chake. Hakucheka.

"Wadudu hawa hawali mtu," akasema. "Wanakula sumu inayotoka kwenye uchafu wa samaki, na wanahitaji hewa kama wewe. Ulipowafungia, ulikuwa unawaua."