Dawa Isiyomwagwa

Mtaani walimwita Mama Pipa, maana ukipita chini ya dirisha lake mchana ungesikia tu pipa lake la kusafishia picha likizunguka, gurugu gurugu, juu ya vigurudumu vyake. Alisafisha picha za kizamani, zinazochapwa kwa madini ya platinamu na paladi, kazi ambayo wenzake walishaipa kisogo.

Dawa ya picha hizo haimwagwi. Ukishaitumia unaikinga, unairudisha chupani, na ikipungua unaongeza mpya juu yake. Kadiri inavyozeeka ndivyo inavyokolea. Yake aliirithi kwa mjomba wake. Nyuso za nusu ya mji zilikuwa zimepita mle, na Mama Pipa, mtu mzima na meno yake, aliogopa kuifungua chupa ile akiwa peke yake.

Siku hiyo aliifungua kwa ajili ya binti yake. Mtoto alifariki kabla hajaanza shule, na filamu pekee iliyobaki, negativu moja, ilimwonyesha akiwa benchini, amegeuka ghafla, uso wote ukungu. Hata hivyo mama aliitaka.

"Waache waliolala," mumewe, fundi viatu, alimwambia. "Unajitonesha kidonda cha nini?"

"Sura yake inanitoka, baba. Wewe unaikumbuka?"

Mume akainamia kiatu alichokuwa akishona.

Mama Pipa alipaka karatasi kemikali, akaibana na negativu chini ya taa kali, kisha akaikunja ndani ya pipa. Akapasha dawa moto, akaimimina yote kwa mkupuo, kwa sababu ukisitasita picha hutoka na michirizi. Pipa likazunguka. Halafu likawa zito. Mota ikaguna, vigurudumu vikalia, mithili ya gari lililopakia abiria njiani. Alitamani kukimbia, lakini karatasi nzuri haiachwi iharibike. Akaikinga dawa, akatia asidi ya kuondoa umanjano, akasuuza, akafungua kifuniko.

Benchini alikaa mwanamke mtu mzima, uso safi kabisa, akimtazama. Nywele zikamsisimka Mama Pipa. Alifurahi, akaogopa kwa kufurahi kwake, akamwita mumewe kwa sauti ambayo hakuijua.

"Nani huyu?" mume aliuliza. "Mbona ana shingo ya mama yangu?"

"Mwanao. Si angekuwa mkubwa hivi sasa?"

Mzee wa watu akaitazama picha mpaka machozi yakamlenga. "Huyu simjui, mama. Mimi nilimbeba yule mdogo. Nitolee yule, hata na ukungu wake."

Mama Pipa akaichukua negativu, akaiinua kwenye taa. Benchi lilikuwepo, na ukuta wa nyuma ulikuwepo. Juu ya benchi hapakuwa na kitu. Akapangusa kwa upindo wa kanga, akaigeuza upande wa pili, akatazama tena.

Ndipo alipoanza kulia, akiulilia ule ukungu, kwa kuwa ule ndio uliokuwa mwanawe.