Verlene Tubbs, Mfuaji Aliyetakiwa Boise

Verlene Tubbs alikuwa na miaka sitini na sita alipopimwa magoti na daktari wa timu, na yakaonekana mazima kuliko ya Neely Hatchett. Mimi nilikuwepo, nimeshika taulo. Daktari aliandika matokeo kwa uso mkavu kabisa, kama vile kumpima mfuaji ni sehemu ya mpira wa kikapu tangu mchezo huo uanze.

Acha nieleze tulivyofika hapo, maana Toledo nzima ilirukwa na akili wiki ile ya Februari, na mpaka leo watu wanaisimulia vibaya.

Verlene alizaliwa upande wa mashariki wa mto. Alifanya kazi miaka kumi na tisa kwenye kiwanda cha vipuri vya magari mpaka kikafungwa. Alizika waume wawili, na wote wawili aliwasifu kwa zamu, siku huyu, siku yule. Timu yetu, Mafundi Vioo wa Toledo, ilipomwajiri kufua jezi, alikuta chini ya uwanja mashine sita na sheria nyingi ukutani. Alizibandua sheria akabandika picha ya dada yake, Ozella. Kila siku saa sita mchana, theluji iwepo isiwepo, alikwenda nyumba ya wazee kumlisha Ozella supu. Ozella alikuwa amewasahau watu wote duniani, lakini kijiko cha mtu mwingine hakukifungulia mdomo. Mimi nilikunja taulo pamoja na Verlene miaka kumi na mmoja na sikuwahi kumshinda kwa kasi, seuze kwa maneno.

Neely alikuja kwetu akiwa kijana wa miaka ishirini na mbili. Alikuja na jozi ya soksi za sufu ya kijani alizofumiwa na bibi yake, na bibi huyo alifariki wiki moja kabla ya mechi ya kwanza ya mjukuu wake. Neely alizivaa ndani ya soksi za timu kila mechi. Msimu wa pili Verlene alizisahau kwenye mashine ya kukaushia, zikatoka zinamtosha mwanasesere. Verlene alilia. Halafu akatafuta sufu ya rangi ile ile, akajifunza kufuma kwa siku mbili, akamwekea kabatini jozi mpya bila neno. Tangu hapo alizifuma upya mara tisa. Wahenga walisema njia ya mwongo ni fupi, lakini ya Verlene ilikuwa inaingia mwaka wa kumi na nne.

Februari ile Neely alikuwa na miaka thelathini na saba. Mkono wake ulikuwa bado mtamu, akirusha mpira unaingia, ila kwenye kukaba alikuwa mlango usio na komeo. Meneja mkuu wetu, Todd Brannigan, ambaye sidhani kama aliwahi kudunda mpira maishani, alikaa na kompyuta yake kuamua nyota huyu abadilishwe na nani. Mwisho wa kubadilishana wachezaji ulikuwa Alhamisi saa tisa alasiri. Timu ya Tulsa ilitoa wachezaji wawili, mmoja mgonjwa wa mgongo, mwingine mzima lakini hapendi mpira. Timu ya Boise ilitoa nafasi ya kuchagua chipukizi baada ya miaka minane, yaani mtu ambaye wakati huo yuko darasa la tano na labda bado anaogopa giza. Brannigan alimpenda sana mtoto huyo asiyemjua. Alimchorea grafu.

Tatizo ni kwamba mkataba wa Neely ulisema hapelekwi popote bila ridhaa yake. Jumatatu walimwita ofisini wakamuuliza. Akafikiri kidogo, akasema Boise atakwenda, ila Bi Verlene aende naye.

Mtu mwenye akili timamu angecheka, yakaisha. Brannigan aliandika. Boise wakauliza huyo Verlene anacheza nafasi gani, wakaambiwa anafua. Kumbe wachezaji wa Boise walikuwa wanajikuna tangu Oktoba kwa sabuni mbaya, na mmoja alikosa kikapu cha ushindi kwa sababu mkono ulikuwa mgongoni. Jumanne wakapeleleza habari za Verlene. Jumatano wakapiga simu na pendekezo jipya: mzee wenu kaeni naye, tupeni mama, na chipukizi tunawapa wawili.

Hapo ndipo wazimu ulipoanza rasmi. Brannigan akaingiza jina la Verlene kwenye kompyuta. Redioni hawakuongea kingine. Jamaa mmoja wa kusini ya mji alipiga simu akilia, akisema Neely wamchukue, lakini Verlene ndiye roho ya Toledo. Mwingine akasema mambo ya kulialia aachiwe kanisa, mama auzwe sasa hivi kabla mgongo wake haujashuka bei. Mimi na Verlene tuliyasikia haya yote tukikunja taulo. Yeye alisikiliza mpaka matangazo ya biashara, akasema hata waume zake hawakuwahi kugombewa hivyo. Alasiri ile ile ndipo walipompima magoti.

Lakini mzaha ulikuwa wa watu wa juu. Kule chini Verlene alikuwa hali wala halali. Kumwacha Ozella hawezi. Akikataa, Neely naye anakataa, na kocha alishasema Neely akibaki atakaa benchi mpaka aote mizizi. Boise angecheza, misimu miwili hata mitatu. Kwa hiyo ilibidi Neely aende, na aende peke yake. Na akienda peke yake, mfuaji wa huko ataziharibu zile soksi mwezi wa kwanza, na Neely atajua kwamba miaka yote hii alikuwa anavaa uongo, na bibi yake hayupo tena miguuni. Nilimwambia mficha uchi hazai, amwambie tu mwenyewe. Akanitazama kwa jicho la kuniosha, akasema mimi nikunje taulo.

Alhamisi saa nane na nusu Neely alishuka, akikanyaga ngazi moja moja kama mtu anayehesabu. Akakaa juu ya kapu la nguo chafu.

"Bi Verlene, ushafunga mizigo?"

"Siendi, mwanangu. Nina Ozella."

"Basi na mimi siendi."

"Utakwenda." Akazima mashine zote sita, moja baada ya nyingine. Sikuwahi kuusikia ukimya wa chumba kile. "Zile soksi za bibi yako niliziharibu kwenye mashine. Msimu wako wa pili. Hizo ulizonazo nimefuma mimi, na za kabla ya hizo mimi, na za kabla yake. Nisamehe. Sina neno lingine."

Mimi niliangalia taulo. Neely akawa anajipapasa kifundo cha mguu.

"Bibi hakuwa anaona vizuri," akasema hatimaye. "Soksi ya kulia aliiweka fundo kubwa kisiginoni. Mwaka mzima nilicheza nachechemea. Halafu siku moja nikavaa, fundo hakuna."

Verlene akakaa chini. "Ulijua?"

"Siku ile ile. Nilidhani utaniambia. Baadaye nikaanza kuomba usiniambie."

"Sasa ulinitia kwenye biashara hii ya nini, kama ulijua? Mimi nimepimwa magoti, Neely."

"Naenda kuzeeka kwa watu nisiowajua," akasema. "Kila mtu huko ataniambia ukweli. Daktari, kocha, kompyuta. Nani huko atanidanganya kama wewe?"

Nilijifanya natafuta sabuni, maana macho yangu hayakuwa salama. Verlene alimshika kichwa akakibana begani kwake kwa muda mrefu, halafu akatazama saa ya ukutani, akamwambia zimebaki dakika ishirini na yeye ngazi zinamchukua kumi. Neely akapanda. Saa tisa kasoro dakika tatu alitia sahihi, aende peke yake. Brannigan akapata mtoto wake wa darasa la tano, na nasikia aliifunga ile grafu kwenye fremu.

Jumanne iliyofuata simu ya chumba cha kufulia ililia. Alikuwa mfuaji wa Boise, mwanamke mwenye sauti ya woga, akiuliza zile soksi za kijani za Hatchett zinafuliwaje. Verlene akamwambia maji baridi, kwa mkono, zikaukie kivulini. Akamtajia na namba ya sufu na jina la duka.

"Na zikiharibika," akasema, "nipigie mimi. Yeye usimwambie kitu."

Nilisikia yule mwanamke akiuliza kama kweli mwenyewe hatajua.

"Anajua," Verlene akasema. "Ndiyo maana usimwambie."

Akakata simu, akavaa koti, akaenda kumlisha Ozella.