Kalipa za Gari la Kaka

Pale gereji walimwita Chungulia. Hakulipenda jina hilo, lakini alijitakia mwenyewe. Mtu mzima na mvi zake, akipita kando ya gari lililoegeshwa, hata kama amebanwa na haja, lazima ainame achungulie ndani ya rimu za magurudumu ya mbele. Kwanza kulia, kisha azunguke kushoto. Siku moja mwenye gari alimkuta amepiga magoti mbele ya benki, akadhani ni mwizi wa vifaa, akapiga kelele mpaka mlinzi akaja mbio na rungu. Chungulia aliinuka taratibu, akajipangusa magoti, akasema, "Gari lako liko sawa, mzee," akaenda zake.

Alichokuwa akikitafuta hakizidi ncha ya kidole. Kwenye breki za mbele kuna chuma kinaitwa kalipa, ndicho kinachobana diski ya gurudumu ukikanyaga pedeli, maana ndani yake kuna pistoni inayosukumwa na mafuta ya breki. Na kwenye kila kalipa kuna niple, kijiti chenye tundu ambacho fundi hukilegeza ili kutoa hewa iliyoingia kwenye mafuta. Niple lazima ikae juu, kwa sababu hewa hupanda. Ikikaa chini, utamwaga mafuta chupa nzima na hewa itabaki palepale, imestarehe. Fundi wa wiki moja analijua hilo.

Sasa ukitaka kujua kwa nini mtu azeeke akichungulia niple za watu, turudi nyuma miaka tisa. Wakati huo alikuwa fundi breki, tena fundi kwelikweli, hata gereji nyingine zilimwazima. Kaka yake mkubwa akamletea gari lake la zamani, kalipa zote mbili za mbele zimechoka, moja inavuja na nyingine imeng'ang'ania. Chungulia akasema hakuna kununua nyingine, hizi nazifufua. Akazifungua, akatoa pistoni, akazisugua kwa msasa laini, akaweka sili mpya za kuzuia mafuta yasivuje na mipira mipya ya kuzuia vumbi. Kalipa ya kushoto na ya kulia ni mapacha, na kwenye gari lile kila moja inaingia nafasi ya mwenzake bila ubishi, ila niple ndiyo itakayotazama chini. Ndiyo maana siku zote ile ya kushoto aliifunga kitambaa. Lakini hili lilikuwa gari la kaka, bwana! Hakutaka lirudi na vyuma vya rangi ya kutu. Akafungua kitambaa, akazipaka zote mbili rangi nyeusi, zikang'aa, akazianika juani kando kwa kando.

Umeona mambo hayo? Angekuwa mvivu siku ile, mimi leo nisingekuwa na hadithi.

Kaka alikuja kulichukua kabla ya wakati waliokubaliana, kesho yake ana safari, kalipa zikafungwa harakaharaka. Pedeli ilikuwa laini. Chungulia akakanyaga mara tano, mara sita, ikapanda kidogo, akasema, "Itakaza yenyewe ukitembea nayo, kaka." Hata kulizungusha uwanjani hakulizungusha. Asubuhi iliyofuata, kwenye mteremko mrefu wa kuingia mjini, gari likaacha barabara likavaa ukuta wa ghala. Kaka aliishi siku tatu hospitali. Askari walipomhoji alisema alisinzia. Mke wake alipomuuliza, akamjibu hivyohivyo. Na mdogo wake alipoingia, akamshika mkono akasema, "Nilisinzia, bwana mdogo. Usihangaike na lile gari." Akarudia, "Usihangaike nalo." Jioni yake akafa.

Siku ya mazishi, Chungulia ananawa mikono bombani, picha ikamjia. Niple, nyeusi, inang'aa, imetazama chini. Au ilitazama juu? Hakuwa na hakika, na kwenda kuangalia hakwenda. Shemeji yake, mjane wa kaka, alilifunika gari turubai nyuma ya nyumba, na miaka yote tisa Chungulia akifika pale hukaa sebuleni, dirisha la uani amelipa mgongo. Breki aliacha kuzigusa, akawa fundi wa vitasa na viti. Wenzake wakamcheka, akacheka nao. Ambacho hakuwaambia ni kwamba mchana kweupe, akilala chini ya gari la mtu kulegeza bolti za viti, alikuwa akiona viatu vya kaka yake vimesimama kando ya gurudumu, vile vya kahawia vyenye kisigino kilicholika upande mmoja. Akijivuta atoke, hakuna mtu. Alikuwa anamwogopa kaka yake mwenyewe, na hilo lilimuumiza kuliko kifo.

Mwezi uliopita shemeji akampigia simu. Binti yao amepata kazi ya uuguzi nje ya mji na anataka gari la baba yake, jingine hataki hata kulisikia. Bodi imenyooshwa, injini imewaka, lakini magurudumu ya mbele hayazunguki, kalipa zimekamata kwa kukaa.

"Mafundi wengine wa breki nimewakataa," shemeji alisema. "Wewe ndiye uliyezishika mara ya mwisho. Njoo wewe, shemeji."

Angekataa aseme nini? Jumamosi saa nne asubuhi akafika na mkoba wake wa spana. Shemeji akageuza ndoo, akaikalia karibu naye, na beseni la nguo za kukunja miguuni. Huyu zamani alikuwa mwanamke wa maneno. Akicheka jikoni, jirani wa nyumba ya tatu naye anacheka bila kujua anachekea nini. Tangu msiba ule amekuwa wa "ndiyo" na "hapana" na "karibu chai". Watu husema amekuwa mpole. Chungulia naye aliamini ni majonzi tu.

Akapiga jeki, akatoa gurudumu la kulia. Kabla ya kutazama akafumba macho. Ndiyo, akafumba, kama mtoto anayesubiri sindano. Alipofumbua, niple ilikuwa chini. Rangi nyeusi aliyoipaka kwa mkono wake ilikuwa imebanduka huku na huku, lakini niple ilikuwa chini, inatazama ardhi. Akahamia kushoto. Chini vilevile. Akakaa mchangani.

"Zimeharibika sana?" shemeji akauliza.

"Zinatengenezeka."

Akaanza kufungua. Kichwa kilikuwa kimeshaanza hila zake. Si unazibadilisha tu, kulia kushoto, kushoto kulia? Nani atajua? Marehemu mwenyewe alisema alisinzia, wewe nani umbishie marehemu? Akang'oa kutu kwa burashi ya waya, akazitoa pistoni kwa upepo wa pampu, zikatoka kwa kishindo, akasugua, akavisha sili mpya. Kazi ilimkubali, kama vile hajaiacha hata siku moja. Na safari hii kitambaa akakifunga. Alikuwa ameshajihurumia, ameshajisamehe nusu, pale shemeji alipofungua mdomo.

"Nikwambie kitu? Sijawahi kumwambia mtu."

"Niambie, shemeji."

"Usiku wa kuamkia safari ile hatukulala. Mimi nilitaka tuhamie karibu na mama, yeye hataki. Nikasema, nikasema, unanijua nilivyokuwa. Akageukia ukutani, nikamgeuza. Akasema, niache nilale, kesho nina safari. Nikamwambia hulali mpaka tumalizane." Alikuwa amekunja shati lilelile mara ya tatu. "Mpaka kunakucha, shemeji. Akaondoka macho mekundu. Nilimnyima usingizi, akaenda akasinzia. Nimemuua kwa mdomo wangu huu. Ndiyo maana sisemi tena."

Chungulia akabaki na kalipa mapajani. Miaka tisa! Alidhani analiwa peke yake, kumbe mzigo ule ulikuwa unamla na mwingine, tena asiyehusika kabisa. Aliona aibu mpaka masikio yakawaka. Angeweza bado kunyamaza, msimwone malaika. Alitazama geti, akapima hatua za kulifikia.

"Hakusinzia," akasema.

"Eti?"

"Kaka hakusinzia. Njoo uone hapa." Akamwonyesha niple, akamweleza kama anavyomweleza mteja, kwa sababu angejaribu kwa namna nyingine angelia: hewa hupanda, hii ilitakiwa iwe juu, nilizichanganya, hewa ilibaki ndani, pedeli ikawa laini, nikaisikia kwa mguu wangu, nikamwambia itakaza yenyewe. "Ni mimi, shemeji. Mdomo wako haukumuua mtu."

Shemeji hakupiga kelele. Alitazama kile kijiti muda mrefu, kisha akauliza, "Kwa hiyo alikuwa macho?"

"Alikuwa macho."

"Alikanyaga?"

"Lazima alikanyaga. Mteremko wote ule alikanyaga."

"Na alijua kwa nini haishiki?"

Chungulia akakumbuka ule mkono hospitali, na yale maneno, usihangaike na lile gari. "Alijua."

"Siku tatu nimekaa kitandani kwake. Nikamuuliza, ni kwa sababu hukulala? Akanitazama machoni akasema ndiyo." Sauti yake ilikuwa imerudi, ile ya zamani, yenye nguvu, na Chungulia akaiogopa. "Ilibidi achague wa kumwokoa. Mimi au wewe. Akakuchagua wewe."

"Shemeji, nisamehe."

"Usiniombe leo. Leo sina." Akarusha shati ndani ya beseni. "Maliza kazi. Mwanangu anaondoka na hili gari Jumatatu, na yeye utamweleza mwenyewe, kwa mdomo wako."

"Nitamweleza."

Akazifunga kalipa, kushoto kwa kushoto, kulia kwa kulia, niple juu. Akamimina mafuta mapya. Sasa kilichobaki ni kutoa hewa, na kazi hiyo inataka watu wawili, mmoja kwenye niple na mwingine kwenye pedeli. Walikuwa wawili tu pale. Shemeji akafungua mlango bila kuambiwa, akaketi kwenye kiti cha dereva, kiti ambacho hakuna aliyekikalia ila fundi wa injini tangu siku ile.

"Kanyaga," akasema Chungulia kutoka chini.

Akakanyaga. "Imezama mpaka sakafuni."

"Sasa hivi ndani imejaa hewa, lazima izame."

"Siku ile ilikuwa hivi?"

Angeweza kusema hapana. "Ilikaribia kuwa hivyo. Mwanzo ilishika kidogo, kisha ikawa hivyo."

Shemeji akakanyaga tena bila kuambiwa, na tena, haraka haraka, mguu ukigonga sakafu, na Chungulia akamwacha, amelala chali, amekaza macho kwenye chuma. Halafu shemeji akatulia, akavuta pumzi. "Haya. Sema."

"Kanyaga. Shikilia." Akalegeza niple, mapovu yakatoka kwenye mpira mwembamba yakaingia chupani. Akaifunga. "Achia. Kanyaga. Shikilia." Mapovu mengi, kisha machache, kisha mafuta matupu. Wakahamia gurudumu la pili. Hakuna aliyesema neno jingine zaidi ya hayo matatu, na jua lilikuwa limefika utosini walipomaliza.

"Sasa ikoje?" akauliza.

"Ngumu," shemeji akasema. "Inashika."

"Basi, imekwisha. Achia."

Alijivuta kutoka chini ya gari, akasimama kwenye dirisha la dereva. Shemeji ameshika usukani kwa mikono yote miwili, anatazama mbele, ukuta wa uani, machozi yanamtiririka, na mguu wa kulia ameukandamiza kwenye pedeli mpaka goti linatetemeka.

"Achia, shemeji," akasema tena, polepole. "Limesimama."

Hakuachia.