Kipande cha Mpigakura

Kila uchaguzi, mama mmoja aliyejulikana kama mama wa pai aliweka meza yake ya pai mlangoni mwa kituo cha zimamoto, pale watu wa mji ule mdogo wa Ohio walipopigia kura. Vidole vyake vilikuwa na unga hata baada ya kunawa. "Usiniambie umemchagua nani," alikuwa akisema kwa sauti yake ya mkwaruzo. "Niambie tofaa au malenge." Thea, aliyeandamana na baba yake tangu utotoni, aliambulia kingo za pai zilizomeguka tu. "Kipande kizima ni cha mpigakura, mwanangu. Kua kwanza!" Kisha alimfuta makombo shavuni kwa kidole gumba.

Thea alitimiza miaka kumi na minane mwaka wa korona, na meza ikapigwa marufuku. Kwenye foleni watu walirushiana maneno. "Mtu wenu ndiye katufungia kiwanda!" "Vaa barakoa kwanza, ndipo unifokee!" Thea alipiga kura, akatoka akipatazama pale mlangoni palipobaki patupu. Mara honi ikalia. Mama wa pai alikuwa kwenye maegesho, buti la gari wazi. "Wee mpigakura! Tofaa au malenge?" "Tofaa," Thea alijibu. Mama akaweka kipande kizima juu ya boneti, akarudi nyuma. Thea akala hapo hapo, barakoa ikining'inia sikioni. Mama akainua kidole gumba kuelekea shavu la Thea, kikasita hewani, kisha akajifuta shavu lake mwenyewe. Thea naye akafuta lake, mahali pale pale.